Uongo wa Ghorofa ya Nne

Kama ulikuwa nami juma lililopita, unajua nilipoishia: nje ya mlango wa dobi, mkononi nimeshika koti la hakimu lenye tundu lenye umbo la pasi.

Kama hukuwa nami, hiyo yatosha. Kazi ikaisha palepale, mchumba akasema hawezi kuoa balaa, na nyumbani jina langu la kuzaliwa wakaliacha kabisa. Wananiita Mkosi.

Nami naitika. Ndilo jambo baya zaidi.

Aliyeniokoa ni shangazi, dada wa marehemu baba yangu. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye tepu ya kupimia shingoni hata akiwa mezani anakula. Yeye ni mkuu wa idara ya vitambaa katika lile duka kubwa la ghorofa sita ambalo kila mtu mjini analijua, hata yule asiyewahi kununua humo sindano.

"Kesho duka linatimiza miaka hamsini," akaniambia. "Wanataka watu wavae nguo za zamani, wasimame madirishani, wapita njia waone historia. Kusimama tu, Mkosi. Unaweza kusimama?"

"Naweza, shangazi."

"Bila kuunguza kitu?"

"Bila kuunguza kitu."

Akanitazama kama mtu anayepima kitambaa anachojua kitapungua.

*

Asubuhi akaniingiza kwa mlango wa wafanyakazi, akanivika gauni jeupe la harusi, aina ile ile iliyouzwa duka lilipofunguliwa. Gauni lilishonwa kwa ajili ya mwanamke mwenye afya, nami nyama zangu zote nilishaziacha kwenye mawazo. Shangazi akalibana mgongoni kwa pini, kutoka shingoni hadi kiunoni.

Alipokuwa akibana, alinisimulia habari za duka, kwa sauti ya chini. Mwishoni akaishusha zaidi.

"Usimwambie mtu. Hii si sherehe, ni matanga. Wanunuzi wa jengo wako juu na Mzee sasa hivi. Meneja anataka mjomba wake atie saini leo leo."

Meneja ni mtoto wa dada yake Mzee. Mzee mwenyewe, aliyelianzisha duka, anaishi ghorofa ya sita na hajaonekana chini siku nyingi.

"Likiuzwa itakuwaje?"

"Linabomolewa, wanajenga maegesho ya magari. Sisi sote nje."

"Na Mzee anakubali?"

"Amechoka. Kila mwaka wanamsihi aifunge ghorofa ya nne, ni ya kofia tupu na haijawahi kuleta faida. Kila mwaka anakataa, na hasemi kwa nini. Sasa wamemwambia kama hataki kufunga moja, auze zote."

Pini ya mwisho ikanichoma. Sikulia. Nilikuwa nimeahidi kusimama.

*

Nikasimama, tena nikasimama vizuri!

Kando yangu alikuwa bwana harusi, sanamu ya plasta yenye masharubu ya kuchorwa. Katika wachumba wote niliowahi kupata, huyo peke yake hakunilaumu kwa lolote. Watu wakajaa nje ya kioo. Watoto wakatoa ndimi kunijaribu. Sikupepesa macho.

Lakini gauni lile lilikuwa limelazwa miaka na vidonge vya nondo, na jua lilipopiga kioo, harufu ikanipanda puani.

Nikabana. Nikafikiria misiba. Nikamfikiria hakimu.

Chafya ya kwanza ikarusha pini. Ya pili ikashusha gauni begani. Nikadaka pazia nijisitiri, pazia likaja na fimbo yake, fimbo ikamchapa bwana harusi kisogoni, na kichwa chake kikang'oka. Kikadunda sakafuni, kikatokea kwenye kimlango cha pembeni kilichokuwa wazi, kikabiringika hadi katikati ya barabara.

Askari wa usalama barabarani akakiona. Akanyanyua mkono, akasimamisha magari pande zote mbili, kichwa kikavuka.

Kila jicho likanigeukia.

"Samahanini jamani," nikasema, pazia kifuani. "Ndio kwanza tumeoana na kichwa kishamtoka."

Barabara nzima ikapasuka kwa kicheko.

*

Meneja alinifikia akiwa mwekundu wa macho. Ni mtu mfupi, mwenye kizibao na sauti ya birika linalochemka.

"Wewe! Umefukuzwa!"

"Ndiyo, bwana," nikasema. Kufukuzwa nimekuzoea. Nikaanza kutafuta viatu vyangu.

Lakini nje walikuwa wameanza kuimba. "Bibi harusi! Tunamtaka bibi harusi!" Milango ya mbele ikafunguka, umati ukamiminika ukumbini, ukapita kwenye manukato, ukapita kwenye mabegi, ukaja hadi kwenye jukwaa ambapo Meneja alikuwa amehutubia asubuhi nzima mbele ya viti vitupu.

Meneja akautazama umati. Akanitazama mimi.

"Hujafukuzwa," akasema kwa kubana meno. "Panda hapo. Zungumza. Kisha wapeleke kwenye kaunta."

"Nizungumze nini?"

"Historia ya duka!"

"Siijui, bwana."

"Nani anayeijua? Zungumza!"

Akanitia kipaza sauti mkononi, akaniinua jukwaani kama furushi.

Nikaanza na yale machache niliyoyasikia kwa shangazi. Kwamba Mzee alianza na sinia la vifungo na nyuzi kwenye kona, pale pale lilipo duka sasa. Kwamba alipopata chumba kimoja alilala chini ya kaunta, na mteja akija mapema alimhudumia akiwa na shuka. Kwamba alipobomoa ukuta kuungana na jirani, jirani alikuwa bado anaoga.

Wakacheka. Nikapata moto.

"Na ngazi za umeme zilipowekwa," nikasema, "hakuna aliyethubutu kuzikanyaga. Mzee akaajiri mtu, kazi yake moja tu, kuwashika mikono waoga na kupanda nao. Basi wanawake wakazidi kuwa waoga! Mwingine alipanda na kushuka tangu kufungua hadi kufunga, na bado anasema anaogopa. Yule bwana alioa humo humo ngazini."

"Ni kweli!" mama mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Alimwoa dada yangu!"

Vicheko, makofi. Watu wakaanza kununua. Walinunua soksi, walinunua mashuka, wengine hawakujua wamenunua nini, wamekumbatia tu. Meneja akawa anazunguka akisugua viganja, na mimi nikafikiri: Mkosi, leo umepona.

Ndipo fundi bomba mmoja, begi la spana begani, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Dada, na ile ghorofa ya nne? Kofia tupu toka sakafuni mpaka darini, na mji huu hakuna anayevaa kofia. Ilikuwaje?"

Watu wakasogea karibu. Kumbe kila mtu alikuwa na swali hilo moyoni miaka yote.

Nakiri hapa, msomaji wangu, sikuwa najua chochote. Ulimi ulinitoka mbio kabla akili haijavaa viatu.

"Kwa sababu ya mwanamke," nikasema.

"Aaah!" ukumbi ukavuta pumzi.

Sasa ningerudi nyuma vipi?

"Alikuwa mshona kofia," nikaendelea. "Kibanda chake kilitazamana na sinia la vifungo. Mzee, enzi hizo kijana, kila siku alijifanya anakwenda kumuuzia vifungo. Kofia haina vifungo, jamani! Mwanamke akawa ananunua hivyo hivyo."

Mama mmoja akajifuta jicho kwa soksi mpya.

"Siku moja akapiga moyo konde, akamwomba amuoe. Yule mwanamke akamwambia: siolewi na muuza vifungo. Nenda, rudi utakapokuwa na mahali pa kuweka kofia zangu. Akaenda, akajenga. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne akaifanya yake yule mwanamke, kila rafu. Alipokwenda kumwita, kibanda kimefungwa, mtu hayupo. Tangu siku hiyo hajaifunga ghorofa ile, asije akarudi akakuta giza."

Nililia mwenyewe. Kwa uongo wangu mwenyewe, nililia.

Na watu? Watu walipanda ghorofa ya nne kama waliosikia moto. Fundi bomba akashuka amevaa kofia ya manyoya ya ndege. Akina mama wakavaa mbili mbili. Yule askari wa barabarani akaja kurudisha kichwa cha bwana harusi, akatoka na kofia ya majani juu ya ile ya kazi. Wauzaji wa ghorofa ya nne, ambao kwa miaka walikuwa wakifuta vumbi tu, walipiga kelele kwamba rafu zinakwisha.

Nikawa naelea. Sijawahi kuelea maishani mwangu. Mtu aliyeunguza koti la hakimu amewavisha watu kofia mji mzima!

"Mwongo wewe!"

*

Sauti ilitoka mstari wa mbele. Alikuwa bibi mmoja mdogo wa umbo, amenyooka, mwavuli mkononi, nywele nyeupe zimefungwa kwa kitambaa cha bluu. Akanyoosha mwavuli akaulenga kwangu.

"Shuka nikwambie. Au baki huko huko, na hawa wasikie. Mwongo!"

Nikamwona Meneja akigeuka. Nikaanza tena kutafuta viatu kwa macho.

"Shikamoo, bibi," nikasema. Ndilo neno pekee lililonijia.

"Marahaba. Sikumkataa kwa sababu ya vifungo."

Nikamsogezea kipaza sauti, nikidhani sikusikia vizuri. "Hukumkataa… nani, bibi?"

"Huyo bwana wenu! Sikumkataa kabisa! Nilikuwa na pini mdomoni!"

Ukumbi mzima ukaganda, watu na kofia zao.

"Mshona kofia anaweka pini mdomoni," akasema, sasa akiwageukia wao. "Kinywa kimejaa. Naye akachagua saa hiyo kuniambia nataka kukuoa, utakubali? Ningejibu vipi? Nikanyanyua kidole, maana yake ngoja. Yeye akadhani namwonyesha mlango! Nikaanza kutoa pini, moja, moja, nisije nikameza. Nilipomaliza nikatoka nje, keshakata kona."

"Kwa nini hukumfuata?" fundi bomba akauliza, karibu analia chini ya manyoya yake.

"Kwa nini asirudi yeye?" bibi akamjibu. "Nilikaa nikimngoja arudi kuuliza tena. Nikachoka, nikahama mji, nikaolewa kwingine, mume akafa, nikarudi. Kila siku napita mbele ya duka hili na siingii. Leo nimeona kichwa cha mtu kinavuka barabara, nikaja kutazama. Nakuta binti anatangaza kwamba mimi nilidharau vifungo!"

Msomaji, niliubuni uongo ule jukwaani, na uongo umenijia na mwavuli wake.

Nilitaka kumwambia kila kitu. Nikafungua mdomo. Lakini Meneja alikuwa amenirukia, ananinyang'anya kipaza sauti, uso umempauka.

"Zima! Zima hiki kitu! Hujui kinasikika mpaka wapi?"

"Mpaka wapi, bwana?"

Akanyoosha kidole juu. Darini palikuwa na spika. Kwenye ngazi, spika. Kila idara, kila korido, mpaka ghorofa ya sita, katika chumba ambamo mjomba wake alikuwa amekaa na wanunuzi wa jengo.

Mtu akapiga kelele: "Lifti!"

Juu ya mlango wa lifti pana mshale wa shaba unaoonyesha ghorofa. Ulikuwa kwenye sita. Ukatikisika. Tano. Ukaja nne, ukasimama hapo.

Sijui nani alianza kukimbia. Najua nilipandishwa ngazi na umati, gauni mkononi, yule bibi mbele yangu akiwatawanya watu kwa mwavuli, shangazi akitokea idara yake ya vitambaa akiuliza kuna nini, na hakuna anayemjibu.

*

Mzee alikuwa amesimama katikati ya ghorofa ya nne, mrefu, amekonda, kalamu bado mkononi. Nyuma yake, wanunuzi wa jengo, suti tatu zilizojaa wasiwasi. Na pande zote, rafu tupu, hata kofia moja haikusalia.

"Kofia zangu ziko wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Zimeuzwa, Mzee," muuzaji mmoja akasema. "Zote."

Nikajua nimekwisha. Nimeuza moyo wa mtu, rafu kwa rafu.

Umati ukaachana katikati, bibi akapita. Akasimama mbele yake.

"Pini?" Mzee akasema. "Zilikuwa pini?"

"Zilikuwa pini."

"Mimi nilidhani umenuna."

"Nilikuwa nimenuna lini? Mashavu yalijaa pini, bwana wee!"

Mzee akaanza kucheka. Kicheko kilianzia mbali, kikapanda polepole, kikamtikisa mabega, mpaka kalamu ikamponyoka. Bibi naye akashindwa kujizuia. Wakacheka wameshikana mikono kama watoto walioiba sukari, na sisi tukacheka kwa sababu yao, na hata suti moja nyuma ikacheka, mwenzake akaipiga kiwiko.

"Nilikujengea ghorofa," Mzee akasema akipangusa macho, "na siku uliyokuja, hakuna hata kofia moja ya kukuonyesha."

"Basi nitashona nyingine," bibi akasema. "Unadhani mikono nimeisahau?"

"Hilo ni jibu?"

"Safari hii mdomo hauna kitu. Hilo ni jibu."

Vigelegele! Kofia zikarushwa juu zikashuka kwa watu wengine. Mzee akageuka kwa wanunuzi, akawaambia kwa adabu kwamba duka haliuzwi, wala leo wala kesho, na kwamba ngazi za kushukia ni zile pale. Nikamwona shangazi mlangoni, tepu shingoni, machozi yanamtiririka bila yeye kujua. Wauzaji wakakumbatiana. Tumepona sote, nikafikiri. Mkosi amelipa koti la hakimu.

Ndipo Mzee akanitazama.

"Huyu ndiye aliyesema spikani? Binti, jambo lile la vifungo vya kofia, kwamba nilikuwa nakwenda kumuuzia kila siku. Hilo halijui mtu duniani ila sisi wawili. Nani alikwambia?"

Hakuna aliyeniambia. Nilibuni! Lakini nikisema nimebuni, nimewachezea wazee hawa mbele ya mji mzima.

Nikahisi kidole kikavu kikinifinya kiganja. Alikuwa yule bibi.

"Nilimwambia mimi," akasema bila kupepesa jicho. "Ni mjukuu wangu."

Uso wa Mzee ukalainika. Akatia mkono mfukoni, akatoa shada la funguo, akaliweka kiganjani mwangu.

"Basi ghorofa ya nne ni yako, mjukuu. Bibi yako atashona, wewe utauza. Nimekusikia unavyouza."

"Mjomba!" Meneja akafoka. Birika lilikuwa limefika mwisho wa kuchemka. "Mjomba, wanakuchezea! Huyu msichana nimemwajiri jana. Ni mpwa wa yule pale, mkuu wa vitambaa! Muulize mwenyewe!"

Macho yote yakamgeukia shangazi.

Sasa ninyi hamumjui shangazi yangu. Hajawahi kusema uongo. Mteja akiuliza kitambaa hiki kitanipendeza, anamjibu hapana. Siku ya harusi yake mwenyewe, mume alipouliza kama amefurahi, alimwambia kiasi.

Nikamtazama nikimwomba kwa macho.

Shangazi akajifuta machozi. Akaja taratibu, akanipita, akasimama mbele ya yule bibi, akamtazama muda mrefu.

"Ni kweli," akasema. "Mkosi ni mtoto wa kaka yangu."

Meneja akapiga kofi la ushindi.

"Na huyu," shangazi akaendelea, "ni mama yangu mzazi."

Mimi nilikua nikiambiwa na baba kwamba bibi yangu alikufa kabla sijazaliwa. Nikageuka kumtazama yule bibi, nikitegemea nikonyezwe jicho la siri, kidole kingine cha kiganjani, chochote cha kunijulisha kwamba shangazi amedanganya kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Mwavuli ulikuwa umemponyoka bibi. Alikuwa akilitaja, polepole, jina ambalo humo hakuna aliyelitamka: jina la kuzaliwa la marehemu baba yangu.